Dagaa, Popi na Mzee Simba

Mkia wa Simba, mbwa wetu mzee, ulikuwa umelala kwenye sakafu ya baraza kama kipande cha kamba kilichosahauliwa. Alikuwa amelala ubavu, jua la saa 9 alasiri likimpiga mgongoni, na kila nzi alipomtua sikioni, ncha ya mkia iliinuka kidogo, ikagonga saruji, ikatulia. Hatua tatu kutoka pale, nyuma ya ndoo, Dagaa, paka wetu mdogo, alikuwa amejibana chini, kidevu kikigusa sakafu, macho yamekuwa meusi tii, makalio yakitikisika kushoto na kulia. Niliona kinachokuja. Nilikuwa na sufuria ya mboga mkononi, na kabla sijaitua, ameshaurukia ule mkia kwa miguu yote minne na meno.

Simba ana miaka 11. Dagaa alikuwa na miezi mitatu kasoro.

Simba alinguruma. Ngurumo fupi ya kooni, mdomo ukiwa bado umefungwa. Nami nikamkemea Simba. "We Simba! Mtoto huyo!" Akalaza masikio, akajiinua kwa tabu, miguu ya mbele kwanza, kisha ya nyuma ambayo ilikubali mara ya pili, akaenda kulala nyuma ya nyumba chini ya mparachichi. Dagaa akabaki barazani akijilamba makucha.

Nimeishi na mbwa tangu utoto. Siku ile nilimkaripia aliyeonewa nikamwacha aliyeonea, na tulikuja kulipia. Karibu kila mtu ninayemsikia akileta paka mdogo kwenye nyumba yenye mbwa wakubwa huuliza swali moja tu: nitamlindaje huyu mdogo? Ni swali la haki. Ila kwetu amani iliingia pale tulipoanza kuuliza pia tutawalindaje wazee.

Tunakaa Bigwa, Morogoro, mahali ambapo ukifungua dirisha asubuhi Milima ya Uluguru imekusimamia usoni. Nyumba ni ya marehemu baba, na mbwa ni wake pia: Simba, dume wa kienyeji mwekundu, na Popi, jike mweusi mwenye vidole vyeupe, miaka 9. Aliwaleta wakiwa wadogo, akawalisha kwa mkono wake mpaka mwaka alioondoka. Kwa mama, wale mbwa ni kitu cha baba ambacho bado kinapumua. Zamani walikaa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku kulinda, kama mbwa wengi wa huku. Tangu baba afariki mama huwaacha wazi hata mchana.

Kilichomleta paka ni panya. Morogoro ni mji unaojulikana duniani kwa panya wema, wale panya buku wanaofundishwa pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu, na mimi nawaheshimu sana. Waliokuwa stoo kwetu ni wengine. Kila gunia la mahindi lilikuwa na tundu kwenye kona, na unga wa tundu ulimwagika sakafuni kila asubuhi. Sumu mama hataki hata kuisikia. Mama yake Popi alikufa kwa sumu ya panya: hakuila yeye, alikula panya aliyeila. Kwa hiyo mdogo wangu alipotoka Mgeta na kikapu cha karoti, katikati ya karoti kulikuwa na paka wa wiki nane hivi, rangi ya majivu, mwepesi kiasi kwamba nilipombeba nilihisi mbavu zake tu na moyo unaokimbia. Usiku wa kwanza tulimkuta kichwa chote kiko ndani ya mfuko wa dagaa. Jina likapatikana.

Kesho yake nikafanya kile ambacho watu wengi hufanya. Nilimbeba Dagaa kifuani, nikaita mbwa, nikamshusha puani mwao "wajuane". Popi alinyoosha pua. Dagaa alifoka kwa pumzi, kama maji yakimwagikia kaa la moto, akanipasua mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo, akaruka, akakimbia. Na Popi, ambaye sekunde moja kabla alikuwa ananusa kwa upole kabisa, akaondoka nyuma yake kama mshale. Simba naye akafuata, na nyonga zake hizo hizo mbovu. Paka alipanda mparachichi. Alikaa juu mpaka saa 3 usiku.

Aliyenisaidia kumshusha ni jirani yetu, bibi mmoja mzaliwa wa Pangani ambaye katika maisha yake hajapata kukaa nyumba isiyo na paka. Kwao mbwa hawafugi. Paka huingia mpaka kwenye mswala. Aliniletea kipande cha samaki, akakiweka kwenye sinia chini ya mti, akaniambia niondoke mimi na taa yangu. Dakika kumi baadaye Dagaa alikuwa chini.

"Shikamoo bibi, ahsante sana," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Umempeleka mgeni mezani kabla hajanawa mikono." Akaniangalia mkono ule wenye damu. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Paka mpe wiki nzima ya chumba, ndipo utafute hilo jembe."

Nimekuja kuelewa baadaye kwa nini alikuwa na haki. Mtoto wa paka hujifunza nani ni mwenzake na nani ni adui akiwa mdogo mno, kati ya wiki ya pili na ya saba tangu azaliwe. Anayelelewa miguuni pa mbwa siku zile hukua akimwona mbwa kama fanicha. Dagaa alitoka chini ya ghala la mahindi kijijini na dirisha hilo lilikuwa limeshafungwa au linafungwa. Ilibidi afundishwe polepole kile ambacho wengine hukipata bure. Na kwa upande wa mbwa, kitu kinachokimbia hukimbizwa. Si chuki. Miguu ya mbwa huamua kabla ya kichwa chake. Ndiyo maana kazi kubwa ya siku za mwanzo ni kuhakikisha ile mbio ya kwanza haitokei, maana mbwa aliyeonja utamu wa kumkimbiza paka mara moja huutafuta tena.

Tukaanza upya. Dagaa alipewa chumba cha cherehani cha mama: beseni la maranda niliyoomba kwa fundi seremala, maji, boksi lililolazwa ubavu lenye sweta ndani. Mlango ulifungwa. Kisha nikachukua kanga kuukuu ya mama, nikampangusa nayo Dagaa mashavuni na kwenye kona za mdomo, mahali ambapo paka huwa na harufu yake ya amani, ile anayoipaka kwenye miguu ya viti. Nikaipeleka kibarazani, nikaweka juu yake sinia la ugali wa Popi. Popi alinusa, akapiga chafya, akala. Simba alinusa muda mrefu sana, pua ikitembea upindo kwa upindo kama anayesoma maandishi, kisha akazunguka mara mbili akailalia. Gunia walilolalia mbwa nikalipeleka kwa Dagaa. Mkia wake ulivimba kama brashi ya kuoshea chupa, akalizungukia mbali. Siku ya tatu nilimkuta amelala katikati yake.

Chakula nacho kikawa kinasogezwa. Sinia la mbwa mita tatu kutoka kwenye mlango ule, kisahani cha Dagaa upande wa pili. Kila siku kiganja au viwili karibu zaidi. Mmoja akisita kula, unarudisha nyuma, hulazimishi. Inafika siku wanakula pua kwa pua na ubao wa mlango katikati, na kila mmoja ameshaijua harufu ya mwenzake kama harufu ya shibe.

Baada ya hapo fundi alitutengenezea mlango wa pili wa wavu. Juu aliweka wavu wa mbu, chini wavu wa kuku, kwa sababu kucha za paka zinachana wavu wa mbu siku ya kwanza. Mbwa waliletwa mmoja mmoja. Hili nalisisitiza: mbwa wawili pamoja ni mnyama mwingine. Popi akiwa peke yake ni mama wa watu. Akiwa na Simba pembeni, wanachochewa na pumzi za kila mmoja. Kila mmoja alifungwa kamba ndefu laini, iliyolegea mkononi mwangu. Mnyororo uliokaza humfanya mbwa aone kila kilicho mbele kama kitu anachonyimwa.

Pale mbele ya wavu ndipo nilipojifunza kwamba hawa wawili hawazungumzi lugha moja, na maneno yao yanafanana kwa sauti huku maana zikipishana. Mbwa akitikisa mkia mpana, nyonga nazo zikicheza, anasema njoo. Paka akipiga mkia huku na huku amechukia, na sekunde inayofuata ni ya makucha. Mbwa akiinua mguu wa mbele anaomba mchezo. Paka akiuinua anajiandaa kuchapa kofi. Dagaa alisimamisha mkia wima kama mlingoti, ncha imejikunja kidogo, ambayo ni salamu nzuri kuliko zote kwa paka, na Popi akauona kama tishio, maana mbwa mwenye mkia wima uliokakamaa anatafuta ugomvi. Nilikaa pale jioni nyingi nikiwa mkalimani. Popi akiangalia pembeni, nampa kipande cha mapafu. Akikaa chini, kipande kingine. Akikazia macho mwili ukiwa umekauka, nalegeza kamba, nageuka, tunaondoka pamoja naye bila kelele.

Popi alielewa mapema. Amezaa mara nne. Kitu kidogo kinacholia kina mlango wake moyoni mwake. Wiki ya pili baada ya wavu kuondolewa, Dagaa alimng'ata sikio, naye akaweka mguu mmoja juu ya mgongo wa yule paka, akamlaza chini, akamshikilia hapo taratibu mpaka akaacha kupapatika. Kisha akamwachia. Dagaa akarudi, safari hii kwa meno mepesi. Paka wadogo hufundishana hili wenyewe kwa wenyewe, kila anayeng'atwa kwa nguvu hulia na mchezo hukoma. Aliyetolewa kwa nduguze mapema hukosa shule hiyo. Dagaa aliipata kwa Popi. Nilifurahi, na furaha hiyo ikanifanya niache kumwangalia Simba.

Maana Simba hakuwa anacheza. Alikuwa anavumilia. Nilipoirudia kichwani ile siku ya mkia, na nyingine kama tatu zilizofuata, niliona dalili zote: alikuwa akipiga miayo katikati ya mchana bila usingizi, akilamba midomo bila chakula, akigeuza kichwa pembeni kila Dagaa aliposogea, akiinuka kuhama. Alikuwa anasema kwa kila njia aliyo nayo kwamba hapana, mwanangu, si leo. Njia ya mwisho ilikuwa ngurumo. Na kila aliponguruma, mimi nilimkemea. Mdogo wangu mara moja alimpiga na ndala.

Akaacha kunguruma. Tukasema, mnaona, amezoea.

Siku nne baadaye, jioni, giza linaingia, Dagaa alitokea nyuma ya mtungi akamrukia nyonga. Hakukuwa na sauti yoyote ya onyo. Simba aligeuka na kichwa chote, akamshika begani, akamtupa. Kilio cha paka yule sitakisahau. Alikuwa na matundu mawili begani, na alikuwa akitetemeka kiasi kwamba maji niliyokuwa nikimwagia yalirushwa ukutani.

Tulimwosha kwa sabuni na maji mengi, tukamwita bwana mifugo usiku ule ule. Jino la mbwa huacha tundu dogo juu na uchafu mwingi chini; jeraha linaonekana si kitu na baada ya siku mbili ni jipu. Alisafisha, akachoma sindano, akasema mfupa ni mzima. Kaka alikuwepo. Alisema mbwa kazeeka, kawa mkorofi, apigwe sindano ya mwisho tu. Mama hakusema neno. Aliketi kwenye kigoda karibu na Simba, mkono juu ya kichwa chake, na machozi yalikuwa yanamdondokea Simba masikioni.

Bwana mifugo akauliza, "Na huyu mzee, nani amempima?"

Hakuna aliyempima. Akapiga magoti, akaanza mabegani, akashuka na uti wa mgongo kidole kwa kidole. Alipobonyeza juu ya nyonga ya kushoto, Simba aligeuza kichwa taratibu kuelekea ule mkono, akalamba midomo. Hakunguruma. Tulikuwa tumemkataza. Alipokunja mguu nyuma, mwili wote ulihama. Akamulika macho: ukungu wa buluu katika yote mawili.

"Viungo vimekwisha," akasema. "Kila paka akirukia hapa ni kama mtu akupige teke kwenye jino bovu. Na haoni vizuri giza likiingia, kwa hiyo hamwoni anakuja. Alikuwa anawaambia. Mlipomnyamazisha, maumivu hayakuondoka, maneno ndiyo yaliondoka." Kisha akamgeukia kaka, kwa heshima lakini bila kuyumba: "Huyu mzee hajawa mkorofi, kaka yangu. Mgonjwa huyu."

Sijui niseme nini zaidi kuhusu usiku ule, ila kwamba nilikaa na Simba mpaka saa 7, na nilimwomba msamaha kwa sauti.

Kuanzia kesho yake nyumba ilipangwa kwa kumfuata mzee. Simba alipata godoro kuukuu la mtoto, likashonewa turubai, likawekwa kwenye banda lake la zamani ambalo tulilifunga wavu mdogo mdogo mpaka juu. Mchana ule ni usingizi wake na hakuna anayeingia. Kama umezoea kuona banda ni kifungo, mwangalie mbwa mzee anapogundua kwamba hapa hakuna atakayemgusa. Alilala siku ile mpaka tukaenda kuangalia kama anapumua. Bwana mifugo alimwandikia dawa ya maumivu ya mbwa. Tafadhali usijaribu zile za kabatini kwako. Diklofena na ibuprofeni zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Na paracetamol, kidonge kimoja tu, chaweza kumuua paka.

Akinguruma sasa, tunamshukuru. Kweli. Mama husema, "Nimekusikia baba," anamwondoa Dagaa, basi. Ngurumo imerudi polepole, kwanza hafifu, sasa iko wazi, na tangu irudi jino halijatumika tena.

Dagaa naye alihitaji kitu, na hapa ndipo nadhani tulifanya ugunduzi wetu wenyewe. Paka ni mnyama wa machweo na mapambazuko. Analala mchana karibu wote, paka mdogo hata saa 18 au 20 kwa siku, na jua likizama kuna kitu kinawaka ndani yake. Sasa angalia nyumba zetu: saa 12 hadi saa 1 jioni ndiyo saa ya kufungua mbwa, saa ya mbwa kubweka getini, kuzunguka ukuta, damu imechemka kwa kazi. Tulikuwa tunawakutanisha kila siku katika saa mbaya kuliko zote, na juu yake giza ambalo Simba haoni. Tulichofanya ni kubadili ratiba. Saa 11 na nusu Dagaa yuko chumba cha cherehani na mimi, na fimbo nyembamba yenye kamba na unyoya wa kuku mwishoni. Unauburuza sakafuni, unaufichia nyuma ya mguu wa cherehani, unausimamisha, unaukimbiza. Anakimbia, anaruka, anadaka. Mwisho unamwachia adake kweli, maana paka anayewinda bila kupata hubaki na kiu. Kisha chakula. Winda, ua, kula, jilambe, lala: ndivyo paka alivyoumbwa, na ukimpitisha njia hiyo yote, ikifika saa 2 amekwisha. Hapo ndipo mbwa wanafunguliwa. (Ile kamba iweke juu ukimaliza. Uzi ukimezwa hukunja utumbo kama kamba ya suruali, na huo ni upasuaji au kifo.)

Kwenye mchezo wowote mkono wa mtu na mkia wa mbwa si vifaa. Paka mdogo aliyezoeshwa kuwinda vidole vyako hana sababu ya kuona mkia ni kitu tofauti.

Tukampandisha juu pia. Kreti tatu za soda zilizopangwa ngazi, rafu ya mbao juu ya dirisha la baraza, na tundu chini ya mlango wa stoo ambalo bega la Popi halipiti. Paka mwenye njia ya kwenda juu hakimbii, hupanda. Na asiyekimbia hakimbizwi. Ile rafu imezuia ugomvi mwingi kuliko maneno yangu yote.

Nije kwenye jambo lililokaribia kutuulia Dagaa, na wala halikuhusu jino. Mbwa walipata kupe baada ya mvua za masika. Nilienda duka la dawa za mifugo, nikauliza dawa ya kuogesha mbwa, nikasema kuna na paka. Muuzaji akasema ni hiyo hiyo, punguza kipimo tu. Nilikuwa nimeshaikoroga kwenye ndoo, bwana mifugo akanipigia simu kuulizia nyonga za Simba, nikamtajia jina lililo kwenye chupa. Akaniambia, "Weka chini hiyo ndoo." Ilikuwa na pemethrini, sumu ya wadudu. Mbwa huivumilia; ini la paka haliwezi kuivunja. Paka hutetemeka, hupata degedege, na wengi hufa. Wala si lazima uimwagie paka mwenyewe, inatosha amlambe au amlalie mbwa aliyetoka kuogeshwa. Amitrazi, dawa nyingine ya kupe, nayo ni hatari kwake. Dagaa alikuwa ameshaanza kulala ubavuni mwa Popi wakati ule, na nafikiria jambo hilo kila ninapopita mbele ya duka lolote la dawa za mifugo. Soma chupa. Muulize mtaalamu, siyo muuzaji peke yake.

Viroboto ni wale wale kwa mbwa na paka, kwa hiyo ukitibu mmoja tu umecheza. Minyoo vilevile, na beseni la maranda likae mahali mbwa hafiki, maana mbwa hupenda kula kilichomo. Chanjo ya kichaa cha mbwa wapate wote, paka pia, wakifikisha miezi mitatu, kisha irudiwe kama mtaalamu atakavyopanga. Kila Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Mama ameiandika kwenye kalenda ili asisahau kadi za chanjo. Na mtu aking'atwa au kuparuliwa wakati wa kuamulia, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Ule mkwaruzo wangu wa kiwiko niliufunga kitambaa nikaendelea kupika. Sitarudia.

Chakula kilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Dagaa alikuwa akiiba ugali wa mbwa, nasi tukamwacha, mpaka bibi wa Pangani aliponiambia paka hashibi kwa wanga. Ni kweli: paka lazima apate kirutubisho kiitwacho taurini kutoka kwenye nyama au samaki, mwili wake hautengenezi ya kutosha, na akiikosa kwa muda mrefu macho na moyo huharibika. Anakula samaki, dagaa walioondolewa chumvi, mapafu, maini kidogo, na anakulia juu ya kreti ya tatu. Maziwa ya ng'ombe tuliacha, yalimharisha.

Kuna nyumba ambako haya hayatafaa, na ni bora kusema. Mbwa aliyekwisha kuua paka usimjaribu na mwingine. Mbwa anayekazia macho bila kupepesa, asiyeitikia jina lake hata ukimwonyesha nyama, huyo bado, na pengine kamwe. Sisi tulichukua karibu miezi mitatu kutoka wavu hadi amani ya baraza moja, na mpaka leo tukitoka wote nyumbani, Dagaa hubaki ndani.

Ana miezi 11 sasa. Ameshafungwa kizazi, maana paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu na sisi hatukutaka kikapu kingine. Magunia ya mahindi yana kona nzima. Na Popi wanalala wamekunjana mpaka hujui mguu ni wa nani. Na Simba hawajawa marafiki, wala hatuwaombi wawe.

Juni hii baridi ya mlimani ilishuka mapema. Juzi alfajiri nilitoka kuwasha jiko nikawakuta barazani, Simba kwenye godoro lake ambalo usiku tunalitoa, Dagaa kwenye saruji tupu, mkono mmoja hivi kutoka mgongoni pake. Simba alianza kuinuka. Miguu ya mbele. Ya nyuma ikakataa. Ikakataa tena. Mkia wake ulikuwa unaburuzika sakafuni, ncha ikigonga tap, tap, mbele ya pua ya paka. Dagaa aliutazama. Masikio yalisogea mbele, makalio yakatikisika mara moja. Kisha akageuza uso, akaangalia mlimani, mpaka mzee aliposimama.